Mwaka mzima natengeneza vya stoo mwenyewe: vilivyokaa, vilivyonishinda na nilivyorudi kununua

#1 MwikoMrefu (mleta uzi)

Habari za humu wakuu. Siku zote mimi ni msomaji tu, nachota darasa za watu na kuondoka kimya kimya. Leo naleta na mimi changu.

Kisa kilianza na kopo la beking pauda. Wageni wako njiani, siagi na sukari nimeshapiga, mayai yameshaingia, nafungua kopo nakuta unga umeshikana kama chaki. Nikachota kijiko cha chai nikakitia kwenye maji ya moto ili nione kama utachemka povu. Kimya. Hata kipovu cha kuombea hakikutoka. Na muda ule hakuna pa kununua.

Kwenye kuhangaika ndipo nikajua kwamba beking pauda si kitu kimoja. Ni beking soda, ni tindikali ya unga, na ni wanga wa kuwatenganisha hao wawili wasigombane kabla ya wakati. Soda ninayo. Tindikali? Limau lipo. Nusu kijiko cha chai cha soda nikakichekecha na unga, kijiko kimoja cha chakula cha maji ya limau nikakitia kwenye mayai, nikachanganya haraka na kusukumia kwenye oveni kabla gesi haijatoroka. Keki ikaumuka vizuri tu. Wageni wakala na wakafungiwa ya kuondoka nayo.

Usiku ule nikasimama mbele ya kabati nasoma vibandiko. Sukari ya unga: sukari na wanga. Unga unaojiumua: unga, beking pauda, chumvi. Nikaweka nadhiri. Kwa mwaka mzima, kitu kikiisha kabatini sinunui kingine mpaka nijaribu kukitengeneza kwanza.

Mwaka umeisha, naweka hesabu mezani. Na niseme mapema msimamo wangu ili tusigombane huko chini: si kila kitu kinafaa kutengenezwa nyumbani, na kinachoamua si ugumu wa kazi. Kinachoamua ni kama nyumba yenu inakimaliza kabla hakijaharibika. Cha dukani kimepikwa kwa mitambo, kimefungwa bila hewa, kimetiwa vihifadhio, kinakusubiri hadi utakapokumbuka. Cha nyumbani hakimsubiri mtu.

Naanza na vya dakika tano.

BEKING PAUDA: soda kipimo kimoja, krimu ya tartari (ndiyo tindikali ya unga) vipimo viwili, wanga wa mahindi kipimo kimoja. Chekecha mara tatu, weka kwenye kopo kavu kabisa. Ila mjue tofauti. Nyingi za dukani hufanya kazi mara mbili, mara ya kwanza zikilowa, mara ya pili zikipata moto. Hii yetu inamaliza karibu nguvu zote pale inapolowa. Kwa hiyo oveni iwe imeshapata moto kabla hujachanganya. Ukienda kupokea simu, keki imekwenda.

SUKARI YA UNGA: kikombe cha sukari nyeupe, kijiko cha chakula cha wanga wa mahindi, blenda isiyo na hata tone la maji. Saga, halafu acha vumbi litulie ndipo ufungue mfuniko. Mimi nilifungua papo hapo.

SUKARI YA KAHAWIA: kikombe cha nyeupe, kijiko cha chakula cha molasi, sugua kwa vidole mpaka rangi ienee. Inatoka sawasawa na ya dukani. Lakini kama molasi unainunua kwa ajili ya hilo tu, nunua sukari ya kahawia uendelee na maisha yako.

CHENGA ZA MKATE: mkate mkavu, oveni ya moto mdogo mpaka ukatike "ka!", blenda. Hii sikuwahi kurudi kununua na sitarudi.

Sasa MAYONEZI, ndiyo iliyonitia adabu.

Kiini cha yai kimoja, kijiko cha chai cha haradali, kijiko cha chakula cha siki au limau, chumvi, na mafuta yasiyo na harufu kama mililita 200. Vyote viwe na joto la chumbani, yai lisitoke kwenye friji moja kwa moja. Mafuta na maji havikai pamoja, hilo mnalijua. Kiini kina kitu kinaitwa lesithini, upande mmoja umeshika maji, upande wa pili umeshika mafuta, basi ndicho kinachowasuluhisha. Ila kinataka kupewa mafuta kidogo kidogo. Matone ya kwanza yawe matone kweli: tone, piga, tone, piga. Sikiliza bakuli. Mwanzo mchapo wa kupigia mayai unalia majimaji, chwa chwa chwa. Ukifika mahali sauti ikawa nzito na mchapo ukaacha mifereji isiyojifunga nyuma yake, hapo ndipo unaweza kumimina uzi mwembamba.

Mara ya kwanza sikusikiliza chochote. Nilimimina kama namwagilia bustani. Ikakatika, mafuta yakaelea juu na chini pakabaki kitu cha njano chenye punje punje. Nikamwaga kwenye sinki. Msimwage! Chukua kiini kipya kwenye bakuli safi, halafu ile iliyokatika ndiyo iwe mafuta yako, uidondoshe tone kwa tone. Inarudi.

Yai ni bichi, kwa hiyo wajawazito, watoto wadogo, wazee na wagonjwa tusiwape, labda upate mayai yaliyopashwa joto la kuua vijidudu. Kwangu inakaa kwenye friji siku tatu, ya nne sili.

Nitaendelea na mtindi, siki na sosi ya nyanya nikipumzika vidole.

#2 Kijiko cha Mwisho

Nimetandika mkeka hapa. Endelea mkuu.

#3 HesabuNdogo

Mleta uzi hongera, umeandika vizuri. Ila umekwepa swali ambalo kila mtu humu analo: kuna unafuu wowote au ni burudani tu? Maana umeme wa blenda, gesi, na muda wako nao ni mali.

#4 MwikoMrefu (mleta uzi)

Mkuu HesabuNdogo, sikukwepa, nilikuwa nakuja huko. Nilikuwa na daftari. Jibu linategemea kitu chenyewe kimetengenezwa na nini.

Mtindi una unafuu mkubwa. Lita moja ya maziwa inakupa karibu lita moja ya mtindi, kilichobaki ni joto na subira. Chenga za mkate ni bure kwa sababu mkate ulikuwa unatupwa. Supu ya mifupa vivyo hivyo. Mchanganyiko wa viungo nao unalipa, kwa sababu viungo vizima vinatunza harufu muda mrefu kuliko vilivyosagwa. Unakaanga kidogo kwenye kikaango kikavu, unasaga cha wiki mbili tu.

Mayonezi ni mafuta tupu, kwa hiyo bei yake ni bei ya mafuta uliyotumia. Unachopata ni ladha.

Siagi ni hasara. Nilitikisa krimu kwenye chupa hadi bega likauma, ikafika mahali ikakatika, bonge huku maji meupe kule, nikaiosha kwa maji baridi mara tano mpaka maji yakatoka safi kabisa, maana maziwa yakibaki ndani inachacha upesi. Tamu sana. Na ilikuwa ndogo kuliko ambayo ningenunua kwa gharama ya krimu ile. Lakini SAMLI kutokana na siagi ya kununua, hiyo naipika kila mwezi. Siagi ni mafuta kama asilimia 80, kilichobaki ni maji na maziwa maziwa. Gramu 250 zinakupa kama 200 za samli. Moto mdogo, povu litulie, masimbi ya chini yakiwa rangi ya kahawia isiyoungua, zima na uchuje. Sikilizeni tena: maji yakiisha, sufuria inanyamaza.

#5 Mama Pacha

Mdogo wangu MwikoMrefu, karibu kwenye chama. Mimi siagi ya karanga nimeitengeneza miaka sasa, ngoja nichangie hapo.

Watu wengi wanakata tamaa mapema. Unatia karanga kwenye blenda, unawasha, dakika moja unaona unga. Dakika mbili unaona mabonge makavu yanapanda ukutani, unasema blenda imeshindwa, unaongeza maji. Usiongeze maji! Maji yanaifanya ishikane na kukakamaa, na yanafupisha maisha yake. Zima, kwangua pembeni, washa. Mabonge yatakuwa donge moja linalozunguka kama mpira. Endelea. Ghafla donge linalegea, linang'aa, linakuwa uji. Mashine yenye nguvu ni kama dakika tano, ya kawaida hadi kumi na kupumzisha katikati injini isiungue. Karanga ziwe zimekaangwa na bado zina uvuguvugu, mafuta hutoka upesi.

Mafuta yataelea juu ikikaa. Si kwamba imeharibika. Geuza chupa kichwa chini usiku mmoja kabla hujafungua, itajichanganya.

Na la muhimu kuliko yote: chambua karanga kwa macho yako. Iliyonyauka, iliyobadilika rangi, yenye ukungu, tupa. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haiondoki kwa kukaanga na haiondoki kwa kusaga. Ukisaga unaisambaza tu kwenye chupa nzima. Mimi nachambua mbele ya dirisha mchana, si usiku.

#6 Kijiko cha Mwisho

Wakuu nimeingia jikoni na mayonezi. Yai ninalo, haradali ninayo. Nawaletea majibu mubashara.

#7 Mzee wa Chupa

Na mimi nichangie. Yangu ni rahisi: mafuta ya kitunguu saumu. Punje kama ishirini zilizomenywa, chupa safi, jaza mafuta mpaka zizame, funga, weka juu ya kabati. Baada ya wiki mbili una mafuta yenye harufu ya kumwita jirani. Yanakaa miezi. Mimi yangu ya mwisho ilikaa tangu msimu uliopita.

#8 Mkaguzi wa Friji

Mzee wa Chupa, shikamoo, na naomba unisamehe kwa nitakalosema: mafuta hayo usiyaonje tena. Ukimaliza kusoma hapa yatupe, na chupa yake.

Kazi yangu ni usalama wa chakula kwa hiyo nimeona nisinyamaze. Kuna bakteria anaitwa Clostridium botulinum. Mbegu zake zinakaa kwenye udongo, na kitunguu saumu kinakua udongoni. Mbegu hizo hazipendi hewa, hazipendi uchachu, hazipendi baridi. Sasa tazama chupa yako: mafuta yamefukuza hewa yote, kitunguu hakina uchachu wa kutosha, na juu ya kabati ni vuguvugu. Umemjengea nyumba, umempa na funguo. Sumu anayotoa inapoozesha misuli, ikifika kwenye misuli ya kupumulia mtu anawekewa mashine. Na haina harufu, haina ladha, haitoi povu.

#9 Mzee wa Chupa

Marahaba mwanangu. Lakini hii elimu yenu mnatutisha. Nimekula mafuta haya miaka, na kabla yangu wamekula wengine. Hatujafa.

#10 Mkaguzi wa Friji

Mzee wangu, walionusurika ndio wanaosimulia. Mwaka 1985 huko Vancouver, Kanada, watu 36 waliugua kwa sababu ya kitunguu saumu kilichokatwa na kuwekwa kwenye mafuta, kikakaa nje ya friji. Walikula mgahawani, hawakujua chochote. Mwaka 1989, baada ya tukio jingine Marekani, mamlaka ya chakula ya huko ikakataza kitunguu cha namna hiyo kinachotegemea friji peke yake, lazima kitiwe tindikali au kizuizi kingine. Ukisoma kibandiko cha kopo la dukani leo unakuta tindikali ya limau au ya fosforasi. Hiyo ndiyo kazi yake pale.

Hapa natofautiana kidogo na watu wa "vya dukani vimejaa kemikali". Nyingine ni hizo zinazokulinda.

Utaratibu ni huu. Mafuta ya kitunguu saumu tengeneza kidogo, weka kwenye friji siku ile ile, maliza ndani ya siku 4, au gandisha kwenye vijisanduku vya barafu. Hali kadhalika mafuta yenye pilipili mbichi au majani mabichi. Majani makavu hayana shida hiyo, kwa sababu maji hayapo.

Na wale wa kufunga mboga kwenye chupa: mpaka wa usalama ni pH (kipimo cha uchachu) 4.6. Chini ya hapo, yaani vichachu kama matunda mengi, maji yanayochemka yanatosha. Juu ya hapo, kama maharage, nyama na mboga nyingi, maji yanayochemka hata saa tatu hayaui zile mbegu. Zinahitaji kama nyuzi 121, na nyuzi hizo utazipata kwenye mtungi wa presha uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Nyanya ziko pale pale mpakani, ndiyo maana kila chupa ya nusu lita hutiwa kijiko kimoja cha chakula cha maji ya limau ya chupa. Ya chupa, kwa sababu uchachu wake unajulikana. Limau la mtini linabadilika badilika.

#11 Mzee wa Chupa

Nimetupa. Mama mwenye nyumba kanicheka kwa sababu yeye alikuwa hayagusi tangu zamani na hakuniambia kwa nini.

#12 Kijiko cha Mwisho

Wakuu. Imekatika.

#13 MwikoMrefu (mleta uzi)

@Kijiko cha Mwisho ulimimina au ulidondosha?

#14 Kijiko cha Mwisho

Nilidondosha matone kama kumi nikaona inakwenda vizuri nikapata ujasiri.

#15 MwikoMrefu (mleta uzi)

Ujasiri ndio unaoikata mkuu. Kiini kipya, bakuli kavu, rudi nayo taratibu. Kama una ile blenda ya mkono, kuna njia ya mkato: chupa nyembamba inayotosha kichwa cha blenda tu, yai zima chini, haradali, limau, mafuta juu yake, shusha blenda mpaka ikae juu ya kiini, washa bila kuinua mpaka uone weupe unapanda, ndipo uinue pole pole. Chupa ikiwa pana haikubali. Na usitumie mafuta ya zeituni yale makali kwenye blenda, yanatoka machungu.

#16 Dada wa Mtindi

Kaka MwikoMrefu uliahidi mtindi. Wangu unatoka majimaji, na juzi umetoka unavutika kama utelezi. Nafuata kila kitu!

#17 MwikoMrefu (mleta uzi)

Dada, tuanze na unavyofanya. Unapasha maziwa kiasi gani? Watu wengi wanayafikisha vuguvugu tu kwa sababu maziwa ya pakiti tayari ni salama. Lakini kupasha hapa si kwa ajili ya usalama peke yake. Ukiyafikisha nyuzi 85 na kuyashikilia hapo dakika kama kumi, protini za kwenye maji ya maziwa zinajifungua na kujishikiza kwenye zile nyingine, mtindi unashika maji yake. Ukiruka hatua hiyo, unapata majimaji.

Halafu yapoe hadi 43 au 45. Kama huna kipimajoto, kidole kisafi kikae ndani ukihesabu pole pole hadi kumi bila kukiondoa na bila kuona raha sana. Sasa chota vijiko viwili vya mtindi wenye bakteria hai, uuchanganye kwanza na maziwa kidogo kwenye kikombe, ndipo urudishe kwenye sufuria. Vijiko viwili kwa lita. Watu huongeza wakidhani utashika zaidi. Wapi! Unachacha haraka na unatoka na punje punje.

Kisha usiuguse. Funika, zungushia blanketi au mimina kwenye chupa ya chai iliyosuuzwa kwa maji ya moto, saa 6 hadi 8. Usitikise, usichungulie kila baada ya nusu saa (najua unachungulia). Ukishika, friji usiku mzima, ndipo unakaza.

Utelezi mara nyingi unatokana na joto kushuka chini sana wakati wa kulala, au mbegu (ule mtindi wa kuanzishia) iliyochoka. Mimi nabadilisha mbegu kila baada ya mizunguko kama mitano, nanunua kikombe kimoja kidogo cha dukani kisicho na sukari wala ladha. Kibandiko kiseme bakteria ni hai. Kwa kawaida utakuta majina mawili: Streptococcus thermophilus na Lactobacillus bulgaricus. Huyo wa pili aligunduliwa mwaka 1905 na mwanafunzi wa udaktari kutoka Bulgaria, Stamen Grigorov, na ndiyo maana ana jina la nchi.

Maji ya njano yanayobaki ukichuja usimwage. Yanakanda mkate vizuri kuliko maji ya bomba.

#18 Dada wa Mtindi

Blanketi! Mimi nilikuwa naacha juu ya meza wazi. Na ndiyo, nachungulia.

#19 HesabuNdogo

Siki je? Nina maganda ya tofaa kila wiki yanaenda kwenye taka.

#20 MwikoMrefu (mleta uzi)

Siki ndiyo kazi ya mvivu, naipenda kwa hilo. Maganda na mioyo ya tofaa kwenye chupa ya mdomo mpana, maji yafunike, kijiko cha chakula cha sukari kwa kila kikombe cha maji. Juu kitambaa na mpira, mfuniko usiweke. Kila kitu kizame, kinachoelea kinaota ukungu, kwa hiyo koroga kila siku. Wiki ya kwanza na ya pili ni hamira za hewani na za kwenye maganda zinageuza sukari kuwa kilevi, utaona mapovu. Chuja, rudisha maji kwenye chupa na kitambaa chake, achana nayo mwezi mmoja hadi miwili. Sasa wanaingia bakteria wa aina nyingine, wanageuza kilevi kuwa siki, na hao hawafanyi kazi bila hewa. Louis Pasteur ndiye aliyeonyesha katika miaka ya 1860 kwamba ni viumbe hai wanaofanya hivyo. Ukiona utando mzito unaoteleza umeelea juu, usipige kelele, ndiye mama wa siki. Wa kwangu mke wangu aliutupa kwa koleo na kuosha chupa kwa sabuni. Nilianza upya.

#21 Mkaguzi wa Friji

Nyongeza fupi tu. Siki ya nyumbani tumia kwenye saladi na kupikia. Usihifadhie achari za kukaa kabatini, maana mapishi yale yanataka siki ya asilimia 5 na ya nyumbani hujui ina ngapi. Ladha kali si kipimo.

#22 Kijiko cha Mwisho

Na sosi ya nyanya mkuu? Mbona unaipita pita.

#23 MwikoMrefu (mleta uzi)

Naipita kwa sababu inaniuma.

Nilinunua nyanya kilo tatu. Nikazichemsha, nikamenya, nikachuja mbegu, nikarudisha jikoni na siki, sukari, kitunguu, karafuu. Sosi ile ya chupa ni nzito kwa sababu maji yameondolewa, na maji ya nyanya huyaondoi kwa dua. Saa ya kwanza ni supu. Saa ya pili ni supu yenye hasira, inarusha matone ukutani. Saa ya tatu imekuwa nzito ikaanza kushika chini, nikawa sitoki pale, mwiko mkononi kama mlinzi wa geti. Mwisho nikapata chupa moja na robo. Nikaipeleka mezani. Mwanangu akaonja, akaniangalia kwa huruma, akauliza ile nyingine imeisha?

Haikuwa mbaya. Ilikuwa na ladha ya nyanya, na yeye alitaka ladha ya chupa. Sosi ya nyanya nimerudi kununua, na sijutii. Nyanya zangu sasa napika nzito ya kawaida ya kupikia, nusu saa tu, nagandisha kwenye vifuko bapa.

Vingine nilivyorudi kununua: siagi, nimeshasema. Haradali, kwa sababu kijiko kimoja kwa wiki hakistahili kusagia mbegu, ingawa ni rahisi: mbegu zilizosagwa, maji BARIDI, dakika kumi ukali utoke, ndipo siki iusimamishe hapo hapo. Maji ya moto yanaua ukali. Siku ya kwanza ni chungu hailiki, ya pili inatulia. Maziwa ya shayiri nayo nimeacha, kila nikisaga yanatoka na utelezi. Jamu natengeneza matunda yakiwa mengi tu, sukari sawa na matunda kwa uzito. Ikifika nyuzi 104 au 105, au tone kwenye kisahani cha baridi likikunjamana ukilisukuma kwa kidole, zima.

Yaliyobaki kabatini kwangu kwa kudumu ni haya: chenga za mkate, mtindi, samli, viungo vya kusaga, siagi ya karanga (kabla ya Mama Pacha nilikuwa naongeza maji, nimeumbuka), siki, na mayonezi siku za wageni.

#24 Mama Pacha

Mdogo wangu, na kila chupa andika tarehe. Si kwa kukumbuka, kwa kuandika. Mimi nina kipande cha gundi ya karatasi na kalamu vimening'inia kwenye mlango wa friji. Kabla ya hapo tulikuwa tunanusa na kubishana.

#25 MwikoMrefu (mleta uzi)

Dada hapo umemaliza kabisa. Nusu ya nilivyotupa mwaka huu havikuwa vimeharibika kwa uhakika, ni kwamba hakuna aliyejua vilifunguliwa lini, na kwenye mayonezi mimi sichezi kamari.

#26 Mzee wa Chupa

Mkaguzi, nimefanya ya leo. Punje nne, mafuta nusu kikombe, friji. Mama mwenye nyumba ameonja mara ya kwanza tangu tuoane.

#27 Mkaguzi wa Friji

Hapo sawa mzee wangu. Siku nne.

#28 Kijiko cha Mwisho

IMESHIKA. Kiini cha pili, tone kwa tone, mkono umekufa ganzi lakini kijiko kimesimama chenyewe katikati ya bakuli, picha nimepiga. Kibandiko nimebandika. Kalamu iliyopatikana ni ya rangi ya zambarau ya mtoto, na ameniongezea ua pembeni ya tarehe.